Maksi Zako na Chuo Kinachochuja Sana: Wasiwasi Uwekwe Wapi

Swali tunaloulizwa kuliko yote na wanaoomba vyuo vyenye ushindani mkali ni moja, hata likija kwa sura nyingi: "Nina B moja, je, nimeshajiharibia?" Jibu hutegemea hiyo B iko wapi. B ya fizikia kwa anayeomba uhandisi ina uzito, B ya historia kwa mtu huyohuyo haina. B ya miaka miwili iliyopita inaelezeka. B iliyo kwenye makadirio ya mwalimu inaweza kuzuia maombi yasisomwe kwa makini. Na B inayotoka siku ya matokeo, baada ya kupewa ofa yenye masharti, inaweza kukuondolea nafasi asubuhi hiyohiyo.

Ndiyo maana kitu cha kwanza tunachomwomba mwombaji ni kuzigawa alama zake mafungu matatu kwenye karatasi: zilizokwisha kutoka na haziwezi kubadilika, zinazokadiriwa na walimu, na zile ambazo mtihani wake bado haujafanyika. Wasiwasi mwingi tunaoukuta umelundikwa kwenye fungu la kwanza, ambako hakuna la kufanya zaidi ya kueleza. Fungu la pili, ambalo ndilo lenye nafasi kubwa ya kurekebishwa, huachwa likajiendee.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana inatisha na inatuliza kwa wakati mmoja. Kwa darasa lililoanza mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 na kuwakubali 1,937, yaani mmoja katika kila waombaji 28 hivi. Mwaka huohuo MIT ilipokea maombi 28,232 na kuwakubali 1,275. Oxford hupata maombi zaidi ya 20,000 kwa nafasi zisizozidi sana 3,300. Katika makundi hayo, waliokataliwa wakiwa na A tupu ni wengi mno kuliko waliokubaliwa. Alama zikishafika kiwango ambacho chuo kinaamini utayamudu masomo yake, kuzipandisha zaidi hakukusogezi mbali. Tunawaona wanafunzi wanaotumia jioni zote za mwaka wa mwisho kugeuza 94 kuwa 97 katika somo lisiloulizwa na kozi yao, huku mtihani wa udahili uliobaki wiki sita haujaguswa.

Uingereza na Marekani zinasoma alama kwa macho tofauti, na anayeomba kote kuwili akichanganya hayo mawili atahangaikia vitu visivyo. Chuo cha Uingereza kinakudahili kwenye kozi moja, kinatazama masomo matatu au manne yanayoihusu, na ofa yake mara nyingi ni ahadi: ukipata alama kadha wa kadha, nafasi ni yako. Chuo cha Marekani kinasoma miaka minne ya sekondari kwa pamoja, masomo yote, na hakikuwekei sharti la alama fulani baada ya kukukubali. Huko Uingereza mtihani wa mwisho ni mlango. Marekani ni mwenendo mzima.

Sharti lisomwe neno kwa neno

Kwa wanaosoma A level, mitihani ya mwisho ya sekondari ya Uingereza ambayo A* ndiyo alama ya juu kuliko A, Cambridge kwa kawaida hutaka A*A*A kwa kozi nyingi za sayansi na A*AA kwa nyingi za sanaa. Oxford huanzia AAA hadi A*A*A kulingana na kozi. Kwa wanaosoma IB, mtaala wa kimataifa wa sekondari, Cambridge hutaka pointi 41 au 42 zenye 7, 7 na 6 katika masomo ya ngazi ya juu. Watu husoma jumla na kusahau mkia wa sentensi, na mkia ndio unaoangusha.

Angalia mfano huu. IB ina pointi 45: masomo sita yenye pointi 7 kila moja, jumla 42, na pointi 3 za nyongeza kutoka insha ndefu na somo la nadharia ya maarifa. Mwanafunzi anapata 7, 6, 6 katika ngazi ya juu, ambayo ni 19. Ngazi ya kawaida anapata 7, 7, 7, ambayo ni 21. Nyongeza anapata 2. Jumla 42, familia inashangilia. Lakini sharti lilikuwa 7, 7, 6 ngazi ya juu, na yeye ana 7, 6, 6. Hajatimiza. Katika miezi ya mwisho, saa alizozitumia kulinda ile 7 ya tatu ya ngazi ya kawaida zilipaswa kwenda kwenye somo la ngazi ya juu lililokuwa likiyumba kati ya 6 na 7.

A level nako ni vivyo hivyo. Ofa ikisema A*A*A na A* ziwe za hisabati na fizikia, mwenye A* za hisabati na kemia pamoja na A ya fizikia ana herufi zilezile tatu na hajatimiza sharti. Kwa sababu hiyo, ofa ikishafika, iandike upya kama orodha ya masomo na kiwango cha kila somo, kisha gawa saa zako za wiki kwa kufuata orodha hiyo. Somo la nne lisilotajwa kwenye ofa lipewe muda wa kutosha kulipita salama, basi. Tena kama ni la ziada kabisa na linakula muda wa yale matatu, zungumza na shule kuhusu kuliacha, ila kwanza uliza chuo kwa barua pepe kama kuliacha kunabadilisha ofa. Wengine huliacha kimyakimya na kukuta lilikuwa ndani ya masharti.

Wanaoomba hisabati Cambridge wana sharti jingine juu ya hayo, mtihani wa STEP, unaofanyika Juni. Ofa ya kawaida hutaka daraja la 1 katika STEP 2 na STEP 3. Kila karatasi ni saa tatu, ina maswali 12, na yanayohesabiwa ni sita uliyofanya vizuri zaidi, kila moja maksi 20. Kinachowaponza wengi ni tabia ya A level ya kugusa kila swali. Kwenye STEP, maswali manne yaliyokamilika yana faida kuliko vipande vya maswali tisa, kwa hiyo mazoezi yake ni ya kukaa na swali moja nusu saa nzima bila kulikimbia. Zoezi hilo huanza mwaka mmoja kabla. Aliyeanza Mei baada ya kumaliza kurudia A level amechelewa.

Makadirio ya walimu

Hapa ndipo tungependa wasiwasi uhamie, kwa sababu hapa unaweza kuleta kazi yenye matunda.

Maombi ya Oxford na Cambridge, pamoja na kozi nyingi za udaktari, meno na mifugo, hufungwa kwenye UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya Uingereza, tarehe 15 Oktoba saa 12 jioni kwa saa za Uingereza. Wakati huo bado hujafanya mtihani wa mwisho. Kinachosomwa ni alama za makadirio, ambazo shule inazituma pamoja na barua ya mwalimu. Shule nyingi huzifunga hesabu hizo mapema kuliko Oktoba, mara nyingi kwa kutegemea mtihani wa mwisho wa mwaka unaotangulia. Mwanafunzi anayegutuka Septemba anakuta meza imeshaondolewa.

Kwa hiyo muulize mwalimu mapema: makadirio yanatokana na nini, yanafungwa lini, na kuna nafasi ya kuyapitia upya baada ya mtihani gani? Kisha jenga ushahidi. Chukua mitihani iliyopita ya vikao vinne au vitano, ifanye kwa muda kamili bila simu wala daftari, isahihishe kwa mwongozo rasmi wa usahihishaji, na linganisha maksi zako na mipaka ya alama ya kikao kilekile. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Mpaka wa A* hubadilika kila kikao kulingana na ugumu wa karatasi, kwa hiyo asilimia 80 inaweza kuwa A* mwaka mmoja na A mwaka mwingine. Anayetumia mpaka mmoja kwa karatasi zote anajidanganya kwa upande mmoja au mwingine.

Kando ya kila maksi iliyopotea andika sababu: sikujua, nilijua nikakosea, au muda uliisha. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu dawa zake hazifanani. Asiyejua arudi kwenye kitabu. Aliyejua akakosea anahitaji utaratibu wa kukagua, kwa mfano kuandika vipimo kila mstari, au kusoma swali mara ya pili baada ya kujibu. Aliyeishiwa na muda hahitaji kusoma zaidi hata kidogo, anahitaji kupima dakika kwa kila maksi na kujifunza kuliacha swali. Ukimkuta mwanafunzi anayesoma saa sita kwa siku na alama hazisogei, mara nyingi tatizo lake ni sababu ya pili au ya tatu na anajitibu kwa dawa ya sababu ya kwanza.

Ukienda kwa mwalimu, nenda na karatasi hizo. Maneno kama "Mwalimu, naomba uniwekee A* maana bila hiyo sitaitwa usaili" yanamweka pabaya na hayampi sababu. Afadhali useme: "Mwalimu, hizi ni karatasi tano nilizofanya tangu Aprili, tatu zimevuka mpaka wa A*, mbili zimepungua maksi nne, na zote mbili nilipoteza kwenye mada ya sumaku-umeme. Unaona nini kinakosekana ili uniwekee A* kwa dhati?" Mwalimu anayeulizwa hivyo ama atabadili makadirio ama atakueleza kwa usahihi kwa nini hawezi, na majibu yote mawili yana manufaa.

Makadirio yaliyotiwa chumvi nayo yana gharama yake. Yanaleta ofa yenye sharti usiloweza kulifikia, na Agosti unabaki mikono mitupu. Tukimwona mwanafunzi ambaye karatasi zake zote ziko AAB na makadirio ni A*A*A, tunamshauri atumie nafasi nyingine za UCAS kwa busara. UCAS inakupa machaguo matano. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja kwa shahada ya kwanza, isipokuwa katika hali chache sana, na wanaoomba udaktari wanaweza kutumia machaguo manne tu kwa kozi hiyo. Kwa hiyo chaguo moja la juu kabisa, na manne yaliyopangwa kwa ngazi zinazoshuka kweli, si vyuo vitano vyenye sharti lilelile.

Alama za makadirio zikiwa zinatosha, kinachoamua mara nyingi ni mtihani wa udahili na usaili. TMUA, mtihani wa udahili unaotumiwa kwa kozi kadhaa za hisabati, kompyuta na uchumi, una karatasi mbili za dakika 75, maswali 20 kila moja, na alama zake huishia 9.0. Hakuna maksi inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo usiache swali bila jibu. Usajili wa mitihani hii ni wako mwenyewe na una tarehe zake tofauti na za UCAS. Kila mwaka kuna waliotimiza kila kitu na kusahau kujisajili, na chuo hakina namna ya kuwasaidia.

Transkripti na wasifu wa shule

Upande wa Marekani, msomaji wa maombi hafungui transkripti, yaani rekodi ya alama zako zote, peke yake. Shule hutuma pia wasifu wake: ina wanafunzi wangapi, inatoa masomo gani, inatumia mizani gani ya alama, na wanafunzi wake kwa kawaida wanapata nini. Alama yako inasomwa ndani ya picha hiyo. Ulichukua masomo magumu kiasi gani kati ya yale yaliyokuwepo? Mwenendo unapanda au unashuka? Aliyeanza na B na kumaliza na A katika masomo magumu zaidi anasomwa vizuri. Aliyefanya kinyume chake anaulizwa maswali.

Tatizo kubwa kwa wanaotoka mifumo inayobana alama liko hapa. Katika shule ambayo asilimia 78 inakufanya uwe wa kwanza darasani, msomaji asiyeelezwa anaweza kuiona 78 kama alama ya kawaida. Wengi hukimbilia kuzigeuza alama zao kuwa GPA, wastani wa alama wa mtindo wa Marekani, kwa jedwali la mtandaoni. Usifanye hivyo. Andika alama kama shule inavyoziandika, na kama shule haina GPA, acha nafasi hiyo wazi. Kinachohitajika ni maelezo kutoka shuleni. Kama shule yako ni ndogo na haijawahi kutuma mtu ng'ambo, mwandikie mkuu au mwalimu anayetuma nyaraka ukurasa mmoja wa mambo ya kweli yanayoweza kuhakikiwa: idadi ya wanafunzi wa kidato chako, nafasi yako, alama ya juu kabisa iliyowahi kutolewa katika somo lako miaka ya karibuni, masomo ambayo shule haina, na mizani ya alama. Yeye ndiye ataandika na kutia sahihi, wewe umemrahisishia tu. Tukilinganisha maombi, ukurasa huo una faida kuliko barua ndefu ya sifa.

Kuhusu SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vya Marekani katika udahili, kuna jambo ambalo likieleweka linapunguza usiku mwingi wa kukesha. Mtihani huu una alama 400 hadi 1600, kwa sasa unafanyika kwa kompyuta, maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14. College Board, shirika linaloutoa mtihani huo, yenyewe inaeleza kuwa alama ya mtu ni kipimo chenye kuyumba, takriban alama 40 juu au chini kwa jumla. Hivyo 1520 na 1550 haziwezi kutenganishwa kwa uhakika, na kurudia mtihani mara ya nne kuitafuta 1550 ni muda uliopotea. MIT huchukua alama ya juu kabisa ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti. Ukiwa umefanya mara mbili, mara ya tatu ina maana kama sehemu moja imebaki nyuma waziwazi, na ukaze sehemu hiyo tu.

Wasiwasi wa alama una tabia moja mbaya zaidi: unawafanya watu wafiche alama ambazo zingewasaidia. Vyuo vingi vilipoacha kudai SAT wakati wa janga la korona, waombaji walipewa hiari ya kutuma au kutotuma. Dartmouth, chuo kingine cha Marekani, ilifanya utafiti wa maombi yake na kukuta kwamba baadhi ya waombaji kutoka mazingira magumu walizuia alama ambazo, zikisomwa kwa kuzingatia mazingira ya shule zao, zingewaongezea nafasi. Walijilinganisha na wastani wa chuo, wakajiona wadogo. Februari 2024 Dartmouth ikarudisha sharti la mtihani, na Harvard ikafuata Aprili mwaka huohuo. MIT ilikuwa imeshatangulia Machi 2022. Mahali ambapo hiari bado ipo, usiilinganishe alama yako na wastani wa waliokubaliwa peke yake. Ilinganishe na shule yako na nchi yako. Ikiwa iko juu sana ya wenzako, itume.

Alama mbaya ambayo imeshatoka

Fungu la kwanza sasa. Alama iliyotoka inaelezwa mara moja, kwa kifupi, mahali panapofaa. Kwenye maombi ya Uingereza, mahali pake ni barua ya shule, ambayo ina sehemu maalumu ya mazingira magumu. Maelezo binafsi ya mwombaji yana herufi 4,000 tu, nafasi na alama za uandishi zikihesabiwa, kwa maswali yote matatu, na kila sentensi ya kujitetea inakula sentensi ya kuonyesha unalijua somo lako. Kwenye maombi ya Marekani kuna sehemu ya maelezo ya ziada, na mshauri wa shule anaweza kulitaja pia.

Maelezo mazuri yana vitu vinne: kilichotokea, lini, kiligusa alama gani, na hali ikoje sasa. Kwa mfano: "Kuanzia Februari hadi Aprili mwaka wa tatu nilikosa wiki sita za shule baada ya upasuaji. Alama yangu ya kemia ilishuka kutoka A hadi C muhula huo, na ya biolojia kutoka A hadi B. Nilirudi Mei. Mihula miwili iliyofuata nimepata A katika masomo yote mawili." Hapo inatosha. Ukiongeza jinsi ulivyolia, jinsi mwalimu alivyokuonea, na jinsi C ilivyokufundisha uvumilivu, unamchosha msomaji na unaifanya C iwe kubwa kuliko ilivyokuwa. Na kama hakuna sababu, kama ulizembea tu muhula mmoja, usitafute sababu. Alama za baadaye ndizo zitakazosema.

Ugonjwa au msiba ukitokea wakati wa mtihani wenyewe, kuna utaratibu wake na una saa inayokwenda. Kwa mitihani ya A level ya Uingereza, shule ndiyo inayoomba bodi ya mitihani izingatie hali maalumu, na nyongeza haizidi asilimia 5 ya maksi, ikitolewa kwa hali nzito kabisa. Hali ya muda mrefu, kama ugumu wa kusoma au ugonjwa sugu, haiingii humo. Hiyo huombewa mapema, kwa mfano muda wa ziada wa asilimia 25. Kinachokwamisha ni mwanafunzi kunyamaza kwa aibu mpaka matokeo yatoke. Mjulishe mwalimu anayesimamia mitihani siku ileile, na uwe na cheti cha daktari.

Wiki za mtihani

Kuhusu wasiwasi wenyewe, moyo unaodunda na usingizi unaokatika, tutasema machache. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 utafiti ulioonyesha kuwa wanafunzi wenye hofu ya mtihani walioandika hofu zao kwa dakika kama kumi kabla ya kuanza walifanya vizuri zaidi. Haumfai kila mtu, lakini hauna gharama, na tunaupendekeza: karatasi moja, andika kila unachokiogopa, ikunje, ingia. Acha pia kusoma mabaraza ya mtandaoni ya waombaji jioni. Wanaotangaza alama zao humo ni wale wenye alama za kutangaza, na ukisoma hamsini zao utaamini kwamba dunia nzima ina 1580.

Usimalize usingizi kwa ajili ya mada ya mwisho. Karatasi yenye saa tatu inataka kichwa kilichopumzika kuliko ukurasa mmoja zaidi.

Siku ya matokeo

IB hutoka mapema Julai, A level katikati ya Agosti. Hali ya ofa huonekana kwenye UCAS, na wakati mwingine chuo kimeshakukubali ingawa umepungua alama moja, kwa hiyo fungua UCAS kabla ya kupiga simu au kulia. Ikiwa bado haijaamuliwa, piga simu wewe mwenyewe. Vyuo hutaka kuzungumza na mwombaji, na mzazi anayepiga kwa niaba yake kwa kawaida hupewa majibu mafupi. Uwe na namba yako ya UCAS, jina la kozi, alama za kila somo, na maksi kamili kama shule inazo. Sema: "Nimepata A*AA, sharti lilikuwa A*A*A, nimekosa A* ya fizikia kwa maksi mbili. Shule inaomba isahihishwe upya kwa haraka. Je, mnaweza kunishikia nafasi, na hadi lini?"

Kusahihishwa upya huombwa na shule, si mwanafunzi, na kuna huduma ya haraka kwa wenye nafasi ya chuo inayosubiri. Uamuzi wake ufanywe kwa kichwa kilichotulia, kwa sababu maksi zinaweza kushuka na alama ikashuka nazo. Angalia umbali wako kutoka mpaka wa juu na mpaka wa chini. Maksi mbili chini ya A* na kumi juu ya mpaka wa A, omba. Maksi tisa chini ya A* na moja juu ya mpaka wa A, fikiri mara mbili. Somo nalo lina uzito: utafiti wa Ofqual, msimamizi wa mitihani wa Uingereza, unaonyesha kuwa usahihishaji wa masomo ya insha kama historia na fasihi unayumba zaidi kuliko wa hisabati. Shule ikiweza kuipata karatasi yako iliyosahihishwa, mwombe mwalimu wa somo aisome kwanza. Yote haya yanapaswa kuishia kabla ya mwisho wa Agosti, wakati masharti ya ofa yanapofungwa.

Ikishindikana, chaguo la akiba, yaani ofa ya pili uliyoishikilia, ndilo linalochukua nafasi, na ndiyo maana tulisisitiza liwe na sharti la chini kweli. Kama hulitaki au halipo, kuna Clearing, utaratibu wa UCAS wa kujaza nafasi zilizobaki, inayoendelea hadi Oktoba, ingawa Oxford na Cambridge kwa kawaida hazina nafasi humo. Wengine huchagua kuomba upya mwaka unaofuata wakiwa na alama mkononi, na kwa aliyekadiriwa chini lakini akapata juu, hiyo ni njia nzuri sana, kwa kuwa safari hii hakuna makadirio ya kubishania. Kwa anayetaka kurudia mtihani, ukurasa wa kozi usomwe kabla ya kulipa ada, maana kozi nyingine hutaka alama zote zipatikane katika kikao kimoja. Tarehe ya mwisho ni ileile, 15 Oktoba, miezi miwili tu baada ya matokeo, na barua ya mwalimu inabidi iombwe kabla shule haijasahau jina lako.